Bwawa Linarudi Kijani Kila Wiki: Mwongozo Kamili wa Kumaliza Mwani Sugu

Kaskazi ikikolea, malalamiko ya wenye mabwawa ya kuogelea Mombasa ni yale yale kuanzia Nyali na Bamburi hadi Shanzu: dawa imetiwa Ijumaa, Jumamosi maji yamependeza, Jumatano yamerudi kijani. Lawama humwendea muuza dawa, mvua, au mkungu wa jirani. Mara nyingi kosa ni moja. Klorini inatiwa kidogo kidogo, mwani unaimaliza kadiri inavyoletwa, na haupatikani hata usiku mmoja ambao dawa imebaki nyingi majini muda wa kutosha kuua kila kitu.

Kazi hii huchukua siku tatu hadi saba kwa bwawa la kijani kilichokolea. Kama huna siku hizo, ahirisha. Ukiiacha katikati unapoteza dawa yote uliyokwisha kutia.

## Tayarisha kwanza

- Klorini ya unga, kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65 hadi 70. Soma kibandiko, asilimia ndiyo utakayopigia hesabu.
- Kipimo cha matone cha klorini na pH (kiwango cha uasidi wa maji), pamoja na cha stabilaiza (kinga ya klorini dhidi ya jua, tazama hatua ya 2). Vijiti vya karatasi havitoshi, hasa kwa stabilaiza.
- Asidi ya haidrokloriki, ya kushusha pH.
- Brashi ya nailoni. Kwa bwawa la plasta au simenti pekee, ongeza brashi ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu.
- Wavu, mti mrefu, kichwa cha vakyumu na mpira wake.
- Ndoo mbili za plastiki, mizani, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa.
- Shabu. Huenda usiihitaji.

Mrututu uache dukani. Ni kweli unaua mwani, ndiyo maana watu wanaupenda, lakini ni shaba, na shaba haiondoki majini. Kila ukiongeza, inajilimbikiza mpaka siku moja inaganda ukutani kama madoa ya kijani-buluu au meusi ambayo hakuna brashi itakayoyatoa. Nywele zenye rangi nyepesi nazo hugeuka kijani.

Onyo lisilo na mzaha. Klorini ya unga ya kalsiamu na ile ya TCCA (vidonge, au chembe za asilimia 90) zisikutane kavu hata kwa kijiko kimoja. Zikichanganyika zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Asidi ikikutana na klorini ya aina yoyote hutoa gesi ya sumu. Kila dawa iwe na kikombe chake, ndoo yake, na asidi ikae mahali pengine kabisa, si rafu ya chini ya klorini.

## Hatua ya 1: Jua bwawa lina maji kiasi gani

Urefu mara upana mara wastani wa kina. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1.2 upande mmoja na 1.8 upande wa pili, lina wastani wa 1.5. Hivyo 8 × 4 × 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Mifano yote hapa chini ni ya bwawa hili.

Ukisikia "ppm 1", elewa gramu moja ndani ya lita elfu moja. Kwa bwawa letu, ppm 1 ya klorini ni gramu 48 za klorini halisi. Dawa yako ikiwa ya asilimia 65, gawa 48 kwa 0.65: gramu 74 za unga. Andika namba hiyo ukutani kwenye chumba cha pampu. Utaitumia wiki nzima.

## Hatua ya 2: Pima stabilaiza kabla ya kutia chochote

Hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Stabilaiza ni asidi ya sayanuriki. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua. Bila hiyo, jua la mchana la Mombasa linaimaliza karibu yote kwa saa chache. Lakini kinga hiyo hiyo inaifunga klorini isifanye kazi kwa kasi. Stabilaiza ikizidi, kipimo kitakuonyesha klorini ipo na mwani utaendelea kustawi mbele yake.

Inatoka wapi? Kwenye TCCA. Kila ppm 10 za klorini ya TCCA zinaacha takriban ppm 6 za stabilaiza. Bwawa linalotumia ppm 3 za klorini kwa siku, kwa TCCA peke yake, linaongeza zaidi ya ppm 50 kwa mwezi. Miezi miwili tu umepita 100. Haivukiziki na jua haliiondoi. Ukiongeza maji kufidia yaliyokauka, kiwango kinabaki pale pale, kwa sababu maji ndiyo yaliyoondoka, si yenyewe. Wanaosema dawa ya siku hizi ni dhaifu wengi wao wana tatizo hili.

Pima ukilipa jua mgongo, kipimo kikiwa usawa wa kiuno. Mimina polepole maji yaliyochanganywa na dawa ya kipimo mpaka doti nyeusi ya chini isionekane. Ikipotea kwenye alama ya 100, iliyo chini ya nyingine zote, au maji hayajapanda kuifikia, changanya nusu ya maji ya bwawa na nusu ya maji ya mfereji, pima tena, zidisha jibu mara mbili.

Ukipata:

- 30 hadi 60: endelea na hatua ya 3.
- 60 hadi 90: inawezekana, ila klorini itakayohitajika ni nyingi.
- Zaidi ya 90: punguza maji kwanza. Kutoka 120 kwenda 40 unabadilisha thuluthi mbili ya maji yote. Inauma, hasa ukinunua maji ya lori, lakini dawa ya kuupiga mwani kwenye stabilaiza ya 120 itakuuma zaidi.

Usimalize maji yote kwa mkupuo, hasa wakati wa masika au ukiwa karibu na mkono wa bahari kama Tudor. Maji ya ardhini yakiwa juu yanaweza kulisukuma bwawa tupu mpaka likainuka au kupasuka. Toa theluthi, jaza, zungusha, rudia. Na maji hayo yasiende kwenye kisima cha jirani.

## Hatua ya 3: Toa kila kinacholiwa na klorini

Klorini haichagui. Majani yaliyolala chini yanakula dawa ile ile uliyoinunua kwa ajili ya mwani. Chota kwa wavu hata kama huoni chini: buruta sakafuni taratibu, inua, mwaga, rudi. Nyumba zenye banda la makuti kando ya bwawa zina kazi zaidi, kwa sababu vipande vya makuti huzama na kuoza bila kuonekana.

Kisha fungua sehemu zilizofichika: kikapu cha skima (mdomo wa ukutani unaonyonya takataka za juu), kikapu cha pampu, nyuma ya ngazi, nyuma ya taa. Bwawa lenye mfereji wa kufurika pembeni lina pia tangi la kusawazisha maji. Lifungue lisafishwe. Kuna mabwawa yanayorudi kijani kila wiki kwa sababu tangi hilo halijawahi kufunguliwa. Ukuta wake una utelezi, na pampu inaleta mbegu mpya kila ikiwashwa.

## Hatua ya 4: Hakikisha filta inachuja

Osha filta kinyumenyume, ile mafundi wanaita bakwoshi. Zima pampu kabla ya kugeuza mkono wa valvu. Ukigeuza ikiwa inazunguka utararua gasketi ya ndani na maji yatakuwa yakivuja kwenda nje siku zote bila wewe kujua. Osha dakika mbili hadi tatu, mpaka kioo kionyeshe maji safi. Zima, weka kwenye kusuuza kwa dakika moja, zima, rudisha kwenye kuchuja. Sasa soma geji na uandike. Hicho ndicho kipimo chako cha filta safi. Kikipanda kwa psi 8 hadi 10, osha tena.

Geji ikiwa haipandi kabisa ilhali maji ni machafu, fungua filta uone mchanga. Maji ya visima vingi vya Mombasa yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe na yana chokaa nyingi. Baada ya miaka kadhaa mchanga hushikamana kama mawe, maji yanatoboa njia pembeni na kupita bila kuchujwa. Mchanga wa hivyo haufufuki, badilisha. Wa filta ni wa silika, chembe za milimita 0.45 hadi 0.55. Usithubutu kuchota ufukweni: ule ni matumbawe yaliyosagika, una chumvi, na asidi itauyeyusha.

Elekeza midomo ya kurudisha maji upande mmoja na chini kidogo, maji yazunguke bwawa lote. Kona ambayo maji yamesimama ndiyo mwani utakapoanzia tena.

## Hatua ya 5: Shusha pH hadi 7.2

Fanya hivi kabla ya klorini, kwa sababu mbili. Klorini ina nguvu zaidi pH ikiwa chini. Pili, klorini ikishapita ppm 10 kipimo cha pH kinadanganya, hivyo hutapata nafasi nyingine ya kupima mpaka mwisho.

Pampu ikizunguka, mimina nusu lita ya asidi taratibu mbele ya mdomo wa maji, upande wenye kina. Ukiizimua kwenye ndoo, asidi iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Subiri saa moja, pima, rudia. Maji ya kisima yenye chokaa hukaidi na yanaweza kuhitaji lita nzima au zaidi. Usijaribu kuruka kwa pigo moja.

## Hatua ya 6: Tia dozi kubwa, jioni

Lengo ni klorini iwe asilimia 40 ya stabilaiza. Kwa bwawa letu la lita 48,000 lisilo na klorini hata kidogo, dawa ya asilimia 65:

- Stabilaiza 40, lengo ppm 16: kilo 1.2.
- Stabilaiza 60, lengo ppm 24: kilo 1.8.
- Stabilaiza 100, lengo ppm 40: karibu kilo 3. Sasa unaelewa kwa nini ilifaa kubadilisha maji.

Anza baada ya saa kumi na mbili jioni, jua lisikuibie. Jaza ndoo maji nusu, ndipo utie unga, usizidi nusu kilo kwa ndoo. Koroga kwa mti, acha dakika chache chembe zitulie, mwaga maji ya juu ukizunguka bwawa. Simama upande upepo unakotoka. Masalia meupe ya chini ni chokaa zaidi. Ongeza maji, koroga tena, mwaga. Ukiyatupa sakafuni kama yalivyo yataacha alama.

Kama maji yako yana chokaa nyingi mno, tumia klorini ya maji ya asilimia 10, lita 7 hadi 8 kwa lengo la ppm 16, kwa sababu haiongezi kalsiamu. Shida yake ni joto letu: mtungi uliokaa dukani miezi unaweza kuwa umepoteza nguvu nyingi. Nunua palipo na wateja wengi, uweke kivulini.

Mtu yeyote asiingie majini, na lango lifungwe. Hatari ya kwanza ya bwawa la kijani ni kwamba mtoto akizama haonekani.

## Hatua ya 7: Sugua

Ndani ya saa hiyo hiyo, sugua kuta zote, ngazi, kona, mistari ya grauti kati ya vigae. Mwani una utelezi unaoukinga. Dawa isiyosaidiwa na brashi inaua wa nje tu na kuwaacha wa ndani. Sukuma kwa nguvu, pitisha kila mahali mara mbili. Maji yakichafuka kuliko mwanzo, ndivyo inavyotakiwa.

Acha pampu usiku na mchana. Stima ikikatika, ikirudi tu pima klorini upya kabla ya jambo jingine.

## Hatua ya 8: Shikilia pale pale

Pima kila unapoweza, angalau mara tatu kwa siku, na kila mara rudisha klorini kwenye lengo. Ukikuta 9 na lengo ni 16, pengo ni 7: 7 × 74 ni gramu 518. Saa chache za kwanza inaweza kushuka mpaka sifuri. Usife moyo, dawa iko kazini.

Angalia mtego huu. Vipimo vinavyogeuka waridi hupauka klorini ikizidi sana: unatia tone, rangi inatokea na kufifia, au haitokei kabisa, nawe unasema dawa imeisha kumbe imejaa. Ukishuku hivyo, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya chupa, pima, zidisha jibu mara tano.

Rangi ndiyo itakayokuambia unakwenda vizuri: kijani kizito, kijani kilichofifia, kijivu, halafu meupe kama tui jepesi. Mwani uliokufa ni mweupe. Geji itapanda haraka, kwa hiyo osha filta hata mara mbili au tatu kwa siku. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa inamwaga lita 500 kwa dakika tatu, basi hesabu na maji ya kujazia.

Sugua kila siku.

## Hatua ya 9: Maji meupe

Ukiwa na subira, filta itayamaliza kwa siku mbili au tatu. Ukiwa na haraka tumia shabu, kilo 2.5 hivi kwa bwawa letu. Iyeyushe kwenye ndoo, mwaga kote, zungusha nusu saa valvu ikiwa kwenye nafasi ya kuzungusha bila kuchuja, zima pampu usiku mzima. Asubuhi utakuta zulia la kijivu sakafuni na maji yameng'aa juu yake.

Sasa utaratibu. Weka valvu kwenye nafasi ya kumwaga nje, si ya kuchuja, uvute kwa vakyumu polepole kama unayepaka rangi. Ukiipitisha shabu kwenye filta, mchanga utaziba. Ukiharakisha, zulia lote litainuka na utangoja tena mpaka kesho. Maji yatapungua sana, acha mfereji ukiingiza. Shabu hushusha pH pia.

## Hatua ya 10: Mtihani wa usiku

Usiyaamini macho. Maji yanaweza kung'aa na mwani ungali hai kwenye grauti.

Jua likishazama, pima klorini. Alfajiri kabla jua halijapiga maji, pima tena. Usiku jua halipo la kulaumiwa: kilichopungua kimeliwa na kitu kilicho hai. Ikipungua ppm 1 au chini ya hapo, umemaliza. Ikipungua zaidi, rudi hatua ya 7, ukaanze na ngazi, taa na tangi la kusawazisha.

Ukifaulu, acha klorini ishuke yenyewe. Kuogelea ni pale ambapo imerudi kwenye kiwango cha kawaida, pH ipo kati ya 7.2 na 7.6, na bomba la chini kabisa linaonekana wazi ukiwa umesimama nje.

## Madoa meusi kwenye grauti

Huu si mwani wa kawaida. Ni bakteria wa kijani-buluu, wenye ganda gumu juu na mizizi ndani ya simenti. Dozi ya hatua ya 6 itaupausha juu tu.

Vunja ganda kwanza: brashi ya waya kwenye plasta au grauti ya simenti, kamwe si kwenye faibaglasi wala karatasi ya plastiki. Doa likishakwanguliwa mpaka linatoa wingu, ndipo klorini ya kiwango cha lengo inapata pa kuingilia. Kwangua kila siku kwa wiki moja au zaidi, klorini ikiwa juu muda wote. Likirudi mahali pale pale baada ya hapo, grauti ina ufa au tundu. Dawa haitasaidia, ichimbuliwe ijazwe upya.

## Vumbi la manjano upande wa kivuli

Linafanana na mchanga laini, ukiligusa kwa brashi linapaa, kesho limerudi pale pale. Hili ni mwani wa manjano, na unavumilia klorini kuliko wa kijani. Kamilisha hatua zote kumi, halafu pandisha klorini hadi asilimia 60 ya stabilaiza kwa saa 24. Kwa stabilaiza ya 40 ni ppm 24. Wakati huo tumbukiza majini wavu, brashi, mpira wa vakyumu, maboya na vitu vya watoto vya kuchezea. Mavazi ya kuogelea fua nyumbani. Usipofanya hivyo, brashi yako ndiyo itakayourudisha.

## Maji ya kijani yanayoonyesha mpaka chini

Ukiona vigae vyote wazi lakini maji yana rangi, na usiku klorini haipungui, huna mwani. Una madini, mara nyingi shaba ya mrututu wa zamani. Acha kuongeza klorini, maana itayagandisha ukutani. Badilisha sehemu ya maji. Ikiwa ni maji mapya ya kisima, chota ndoo moja, tia kijiko cha klorini, ngoja saa chache: yakigeuka ya kahawia, ni chuma.

## Kiwango cha kila siku

Klorini isishuke chini ya asilimia 7.5 ya stabilaiza: ppm 3 kwa stabilaiza ya 40, karibu 8 kwa stabilaiza ya 100. Januari hadi Machi, maji yakiwa ya moto, pima kila jioni. Baada ya mvua kubwa pima usiku ule ule, usingoje fundi wa Jumamosi. TCCA itumie unaposafiri, ukirudi urudi kwenye klorini isiyo na stabilaiza, na upime stabilaiza mara moja kwa mwezi.